Kamba ya Kapita

Asiyeijua kamba ya Kapita hakumjua Kapita. Ilikuwa kamba ya mkonge, imekula jasho na utomvu wa miti mpaka imekuwa nyeusi, na ilikuwa na mafundo yaliyofungwa kwa nafasi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila fundo shimo, kila shimo mche. Kibarua mmoja aliishika juu ya mteremko, mwingine akaivuta chini, naye Kapita akasimama kileleni, jicho moja kalifumba, akitoa amri kwa sauti ya kuamsha maiti. Ole wako shimo lako litoke nje ya mstari hata kwa upana wa kidole. Ungelifukia mbele ya watu na kuchimba jingine, huku wenzako wanakucheka.

Kapita, kwa asiyejua, ni jina tunalomwita msimamizi wa vibarua. Wako makapita wengi wilayani kwetu Rubavu, wa barabara, wa majengo, wa mashamba, lakini ukisema Kapita tu pale Kanzenze kila mtu alijua unamsema nani. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja kanisani, nikadhani wanamsema mtu mwingine.

Mimi natunza kitalu cha miche huko huko Kanzenze, juu kwenye baridi na viazi, ingawa nyumbani kwangu ni Gisenyi mjini. Nilirudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, nikiwa mtu mzima, na Kiswahili nilichorudi nacho kilimchekesha Kapita kwa miaka yote niliyomjua. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Tangu siku hiyo akaniita "Tanzania", na alipotaka kuniudhi alisema nazungumza kama redio. Nami nilimjibu kwamba afadhali redio, ina kitufe cha kuizima.

Alikuwa na msemo mmoja aliouchosha kwa kuutumia: "Kamba haina ndugu." Aliusema siku za umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakubwa wanapokuja na majembe mapya na kuchimba ovyo wakitaka kurudi mjini upesi. Padri alichimba upya. Mwenyekiti wa kijiji alichimba upya. Shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mke wake, alikuja kumtembelea kutoka Goma, akashika jembe ili tu asionekane mvivu, akachimba upya huku anamtukana kwa Kifaransa.

Siku ya kwenda kumpokea huyo shemeji nilikuwa naye. Tulishuka Gisenyi hadi Petite Barrière, na pale mpakani na Kongo, kama kawaida ya asubuhi, akina mama wenye mabeseni ya nyanya na wabebaji wenye magunia walikuwa wanasukumana kila mmoja apite kwanza. Kapita alivumilia kidogo tu. Akaiteremsha kamba begani, maana aliibeba hata mjini, akainyoosha chini kwenye vumbi, akaanza kupanga watu. Nami nilitamani ardhi inimeze. Lakini watu walijipanga, sijui kwa nini, mpaka askari akaja kumuuliza yeye ni nani. Akasema, "Mi ni Kapita." Askari akaitazama foleni, akaitazama kamba, akamwacha amalizie.

Sasa niseme habari ya misonobari, ambayo huku tunaiita pinusi. Msitu wa zamani wa juu kule uliisha kwa shoka, na mojawapo ya mashoka hayo alilishika yeye, kijana wa wakati huo. Hakuficha wala hakujuta, walau si mbele yetu. Alisema waliambiwa pinusi inakua mbio, na kweli ilikua mbio. Yeye ndiye aliyeipanga kwa kamba ile ile, kilima kizima, mstari baada ya mstari, kutoka juu kushuka chini. Ukipita barabarani kwenda Gisenyi uliiona imesimama kama meno ya kitana. Aliipenda kupita kiasi. Akipita aligusa mashina kwa kiganja, moja moja, kama mtu anayesalimia wazee msibani. Lakini kuni za pinusi hazikuingia jikoni kwa mke wake hata siku moja, alisema moshi wake ni mbaya. Ndivyo alivyokuwa.

Nilipomfahamu, pinusi zilikuwa zimeanza kufa. Vilele vilikauka, majani yakawa na rangi ya kutu, na mti mmoja ukiugua, wa pembeni ulifuata, kwa sababu yote ni ya aina moja na ya umri mmoja, imebanana tangu utoto. Chini yao hapakuota kitu. Ardhi ilifunikwa na majani makavu yaliyolaliana, mvua ikipiga inateleza juu yake na kushuka moja kwa moja mabondeni. Upepo mkubwa ukija uliangusha mti mzima na mizizi yake. Kapita alisema ni miaka mibaya tu, itapita. Kila mwaka alisema hivyo.

Ndipo tukaletewa bwana misitu mpya. Bwana misitu wetu alikuwa msichana, lakini cheo ni cheo. Alikuja na mpango wa kuurudisha msitu wa mchanganyiko: kukata pinusi kidogo kidogo, kufungua mianya ya kuingiza jua, na ndani ya mianya kupanda miti ya asili ya huku, umwumba, umusebeya, umwungo na mingineyo, imechanganywa, mirefu na mifupi, inayopenda jua na inayopenda kivuli, ili ugonjwa au ukame ukiushika mmoja usiimalize yote. Miche ilikuwa yangu. Mingine niliihangaikia mbegu mpaka nikachoka, na ilipochipua nilifurahi peke yangu kama mwehu. Kapita alimsikiliza bwana misitu kwa heshima zote, akakubali kila kitu, halafu akaenda akafanya kama alivyozoea.

Akapanda msitu wa mchanganyiko kwa kamba. Mstari wa umwumba, mstari wa umusebeya, mstari wa umwungo, yote kutoka juu kushuka chini, maana kapita husimama juu ndipo aone vizuri. Nilimwambia, hee Kapita, huu ni mchanganyiko gani? Akanijibu kwamba kila mti upo, sasa nataka nini tena? Bwana misitu alikuwa ameitwa wilayani wiki hiyo. Aliporudi, mvua ilikuwa imekwisha kumtangulia. Maji yaliyakuta mashimo yamepangwa vizuri, moja chini ya jingine, yakayaunganisha yakawa mfereji. Mchana mmoja tu. Miche yangu ilishuka na tope mpaka kwenye nyumba iliyo chini ya mteremko, na nyumba hiyo ilikuwa ya Kapita.

Mke wake aliiokota kwa kupapasa, akaiweka kwenye beseni, akamtuma jirani ailete kitaluni na ujumbe. Jirani alisimama mbele ya vibarua wote akautoa kama alivyopewa: "Mama anasema, mwambieni Kapita miti yake imefika nyumbani mbele yake." Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Kapita hakucheka. Alizunguka na kamba yake begani siku nzima bila kumpa mtu amri.

Mama huyo alistahili picha yake mwenyewe. Alitoka Masisi, huko Kongo, na watoto mgongoni na godoro kichwani katika vurugu za vita, na alikuwa mtu pekee niliyewahi kumwona akimkatiza Kapita maneno. Nje kwa watu Kapita alifoka. Kwake aliongea polepole, karibu kunong'ona. Bustani ya mama haikujua kamba: maboga, mchicha, maharage, vitunguu, vyote vimepandwa shaghalabaghala, na ilistawi kuliko zote za majirani. Bwana misitu alipoiona mara ya kwanza alimwambia Kapita, "Muzee, msitu tunaoutaka ni huu wa mama." Kapita alinuna wiki nzima.

Lakini macho ya mama yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho, walisema hospitalini, na kilichokwenda hakirudi. Alianza kwa kukosea kikombe, akafika kukosea mlango.

Baada ya tope lile watu wa sekta, ofisi ya serikali ya eneo letu, walikuja kupima mteremko. Nyumba ya Kapita ikawekwa kwenye amanegeka, yaani mahali pa hatari pasipofaa kukaa watu, na ukutani wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu. Waliahidiwa nyumba katika mtaa mpya uliojengwa kando ya barabara. Kapita akatundika ungo juu ya ile alama. Kila aliyekuja aliona ungo, na kila mtu alijua kilichoko nyuma yake.

Hapo ndipo tulipobanwa sote. Juu ya nyumba ile kulikuwa na ukanda wa pinusi wa mwisho, mikubwa, imeegemea bondeni. Kuikata watu wakiwa ndani ya nyumba haiwezekani, ingewaangukia. Kuiacha nayo ni hatari, maana ilikuwa inakufa na siku yoyote ingeanguka yenyewe. Na chini ya ukanda huo kulikuwa na miche yangu, kundi zuri kuliko yote, imekosa jua, inarefuka na kuwa myembamba, majani yamepauka. Bwana misitu alisema mizizi ya miche hiyo ndiyo itakayokuja kuushika mteremko, lakini haishiki kama haioni jua. Kwa hiyo msitu ulimsubiri Kapita ahame. Kapita naye aliusubiri msitu ukue ili asihame. Huku moto, huku maji.

Nilimkasirikia, siwezi kudanganya. Nilimwona mzee mkaidi anayeua miti yangu kwa ajili ya ukuta wa udongo. Na kilichonichanganya zaidi ni kwamba msimu uliofuata alikuja kazini mabega matupu, bila kamba. Vibarua waliduwaa. Aliwaambia wachimbe popote jicho linapoona nafasi, juu ya jiwe, kando ya kisiki, mitatu imekaribiana hapa, mmoja peke yake kule. Alisema kwa sauti ndogo. Miche ilipandwa ovyo ovyo, na ilishika kuliko wakati wowote, mvua ikaja ikapotea njia katikati yake. Bwana misitu alifurahi, akasema Muzee ameelewa. Nami nikaamini ameelewa. Nikawaza, kama huyu ameweza kuiacha kamba, basi na nyumba ataiacha.

Bwana misitu akaniomba niende kuzungumza naye, kwa vile tumezoeana. Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimejiandaa njiani, maneno yangu yote yamepangwa, hata ya ukali. Nikafika kwenye ua nikasimama.

Kamba ilikuwa pale. Imefungwa kwenye mwimo wa mlango, ikapita usawa wa kiuno hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye pipa la maji, kutoka kwenye pipa hadi chooni, na tawi lake jingine likaelekea bustanini. Mafundo yalikuwa yamefungwa upya. Fundo moja jikoni, mawili kwenye maji, matatu chooni, na kwenye bustani alikuwa amefungia kipande cha kitambaa laini. Mama alikuwa anatembea. Mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye sufuria, anatembea haraka kama mtu mwenye macho yake, akifika kwenye fundo anageuka. Alinisikia akasema, "Tanzania, ingia, chai iko."

Kapita alikuwa amekaa kwenye kibao, hanitazami. Maneno yangu yote ya njiani yalikwisha. Nikasema tu, "Kumbe kamba ina ndugu."

Kapita aliitazama ile kamba. Halafu akaniambia, polepole, kwa ile sauti ya nyumbani, "Hapa anajua fasi yote. Kule mi nitamupeleka, bon, lakini atakuwa anakaa ku kiti. Asubuhi ku kiti, magaribi ku kiti. Ile si nyumba, ni gereza." Mama akadakia kutoka jikoni kwamba yeye alishakimbia mara moja na godoro kichwani, safari hii godoro na likae lilipo. Nilikunywa chai yangu. Nilirudi kwa bwana misitu nikamwambia sikuweza, na sikumwambia kwa nini. Miche ikaendelea kupauka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kapita mwenyewe. Ilikuwa mchana wa upepo, yeye akiwa kazini upande wa pili wa kilima. Pinusi moja ya ule ukanda ilianguka. Haikugusa nyumba. Ilianguka uani, ikalalia kamba, ikaikandamiza chini ya matawi bila kuikata. Mama alisikia kishindo akiwa ndani, akadhani ni mbali. Baadaye akatoka kwenda kuchota maji, akashika kamba kama siku zote, na kamba ikamwongoza mpaka ndani ya mti. Aliingia katikati ya matawi, akapapasa mbele tawi, kushoto tawi, nyuma alikotoka hapapati tena. Nguo ikanasa. Kamba ilikuwa mkononi mwake, imekaza, haiendi mbele wala hairudi. Hakupiga kelele. Alisimama hivyo hivyo mpaka Kapita aliporudi jioni, na mkono haukuwa umeiachia.

Kapita alipomtoa alimuuliza kwa nini hakuita watu. Mama akamjibu, "Nilingoja kamba iachwe. We hukunifundisha kama kamba inaweza kudanganya." Kapita aliponisimulia hapo alijifuta uso kwa kofia yake, na mimi nikaangalia pembeni. Wiki ile ile walihama.

Kazi ya kuukata ukanda ilianza mara moja. Tuliupunguza taratibu, magogo tukayalaza kukingama mteremko ili yazuie udongo, na jua likaingia. Miche yangu haikuamini. Mingine ilikufa kwa kuzidiwa na mwanga, lazima niseme, lakini mingi ilinenepa, ikatoa majani mapya ya kijani kizito, umwungo ukaipita yote kwa kiburi. Kapita hakuja kuona. Vibarua walisema amestaafu. Sikujua mtu kama yeye anaweza kustaafu.

Nilikwenda kumtembelea mwaka huu, mvua za Machi zilipoanza. Mtaa mpya uko chini kando ya barabara, nyumba nzuri, mabati yanang'aa, umeme upo, bomba lipo. Nyumba zote ni sawa na zote zimepangwa kwa mstari ulionyooka kabisa, mlango chini ya mlango, kiwanja kando ya kiwanja. Nilipomuuliza mtoto mmoja ni ipi ya Kapita aliniambia hata Kapita mwenyewe huingia kwa jirani. Nilicheka, kisha nikaona haichekeshi.

Nilimkuta mlangoni. Amepungua. Nikamwamkia shikamoo kwa makusudi, na safari hii aliitikia marahaba bila utani, jambo lililonitisha kuliko kukonda kwake. Aliniuliza habari za kule juu. Nikamwambia ukanda umekatwa, miche imepata jua, mteremko umetulia, mvua hizi zimeshuka mara kadhaa na maji yaliyofika chini ni safi. Mahali nyumba yake iliposimama tumepanda umwumba.

"Mumepanda namna gani?" aliuliza. "Ku mustari?"

Nikamwambia hapana, ovyo ovyo, kama alivyotufundisha.

Alitikisa kichwa kukubali. "Bon," akasema. "Bon." Nikamwambia nitakuja na gari la miche siku moja nimpeleke akaone. Akasema tutaona, kwa sauti ya mtu asiyetaka kwenda, na sikumsukuma.

Ndipo mama alipotoka ndani. Niliiona kamba imefungwa kwenye mwimo wa mlango, kama kule. Ilitoka mlangoni hadi bombani, ikakata kona hadi chooni, na hapo ikafika kwenye ukuta wa jirani. Sehemu yote iliyobaki, sehemu kubwa, ilikuwa imezungushwa na kutundikwa kwenye msumari, na tawi la bustani lilikuwa humo, pamoja na kile kitambaa laini. Mama alinisalimu, akashika kamba, akaanza kutembea kwa ule mwendo wake wa haraka. Hakufika mbali. Mkono wake uligonga ukuta, akasimama, akaupapasa juu na chini kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo jana.

"Baba," aliita. "Kamba imeisha?"

Kapita alitazama ule mzingo kwenye msumari, kisha akanitazama mimi, kisha akamjibu polepole.

"Kamba haiyaisha, mama. Ni kiwanja ndiyo imeisha."